Mwanaidi wa Nani? Miaka Yangu ya Kuhesabu Wanaonukuliwa

Nasikia siku hizi mnahesabu kwa dakika mbili. Mnaandika jina la mtaalamu kwenye kompyuta, mnabonyeza, namba inatoka, mnaichapa, mnakwenda kunywa chai. Mashaallah. Sina ugomvi na kompyuta, na chai ndiyo kabisa. Ugomvi wangu ni na ile namba, kwa sababu mimi nshawahi kuitoa namba kama hiyo, nikaitia saini kwa mkono wangu, nikaipeleka kwa wakubwa, na nusura nimpoteze mtu.

Nyinyi vijana wa maktaba mmeniomba nikuandikieni mwongozo wa ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja siuwezi, wanangu. Mimi mtu wa maneno, na tangu nistaafu nakaa hapa Kiembe Samaki, ambapo kila nikianza kusema jambo la maana ndege inapita juu ya bati, nanyamaza, nangoja ipite, naanza upya. Kwa hiyo yamejaa kifuani. Vumilieni.

Kwa wasionijua, mimi ni Bi Rukia. Nilikaa maktaba ya chuo miaka thelathini na ushei, na kazi yangu kubwa ilikuwa moja: mtaalamu akiomba kupandishwa cheo, kamati inataka kujua kazi zake zimetumiwa na nani. Basi mimi ndiye niliyetafuta ni mara ngapi waandishi wenzake wamemtaja kwenye marejeo, ile orodha ya mwisho wa makala ambapo mtu anakiri kachukua wapi maneno yake. Kila akitajwa na mwenziwe, moja. Kazi nyepesi, eti. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza, "Kwani wanakulipa kwa kuhesabu majina ya watu?" Nikamwambia ndiyo, na wewe unakula kwa majina hayo hayo.

Aliyenifundisha ni Maalim Khamis, mkuu wa maktaba wa wakati ule. Mrefu, mwembamba, kofia yake imenyooka kuliko rula. Siku ya kwanza nilipoingia na kumpa shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akauliza:

"Jina lako?"

"Rukia."

"Rukia wa nani?"

"Rukia Saleh."

"Saleh wa nani?"

"Saleh Mbarouk."

"Wa wapi?"

"Wa Mkunazini, Maalim."

Hapo ndo akainua kichwa. "Haya, sasa nakujua. Na kila mwandishi utakayemtia kwenye kadi hizi, muulize hivyo hivyo. Akiwa mbali, yaulize maandishi yake."

Kadi zenyewe alikuwa akizitia kwenye maboksi ya viatu aliyoyaomba maduka ya Mlandege. Boksi moja limeandikwa sandali za kike, ndani yake wamo wataalamu wote wa magonjwa ya mikarafuu. Kila mwandishi na kadi yake: jina lake, la baba, la babu, anakotoka, anachoandika, na chini yake amenukuliwa wapi, na nani, na kwa maneno gani. Nasema kwa maneno gani, na hapo tuweke kituo kidogo.

Kulikuwa na bwana mmoja, jina nalihifadhi, makala yake moja ilitajwa kuliko kazi zote za chuo chetu. Alikuwa akipita ukumbini kifua mbele. Maalim akanituma nikafungue makala zote zilizomtaja, moja moja, nisome ile sentensi yenyewe. Loo! Nane katika kila kumi zilikuwa zinasema, "Tofauti na alivyodai fulani..." Walikuwa wanamtaja ili kuonesha alipokosea. Nikarudi nacheka, Maalim hakucheka. Akanambia, "Andika namba, na pembeni andika walivyomtaja. Uamuzi si wetu."

Mwengine alikuwa bingwa wa kujinukuu mwenyewe. Anaandika makala ya tatu, anataja ya kwanza na ya pili. Anaandika ya nne, anataja tatu zote. Nilipomtolea zake mwenyewe pembeni, zikabaki mbili, na moja katika hizo mbili ni ya mkewe. Alinijia juu: "Bi Rukia, kwani ni haramu mtu kujitaja?" Nikamwambia si haramu, mwanangu, kila mtu anaendeleza kazi yake ya jana. Lakini kamati inataka kujua majirani wanakusemaje, haitaki kujua wewe unajisemaje. Akanuna mwezi mzima. Mkewe ndo aliyekuja kuniomba radhi.

Halafu kikaja kile kipimo mnachokipenda nyinyi, ambacho mtu anapewa namba moja tu. Wengi mnakitaja wala hamjui kinavyopatikana, kwa hiyo nisikilizeni. Panga makala zake zote, iliyotajwa sana juu, iliyotajwa kidogo chini. Anza kushuka: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukifika ya tano nayo imetajwa mara tano au zaidi, endelea. Ukifika ya sita ukaikuta imetajwa mara nne tu, simama, rudi nyuma hatua moja. Huyo namba yake ni tano. Kina akili yake kipimo hiki. Aliyebahatisha makala moja ikatajwa mara mia hakimpi ukubwa, wala aliyeandika mia zisizosomwa. Lakini kijana wa miaka sita kazini utamlinganishaje na mzee wa miaka thelathini? Na anayeandika juu ya tenzi, ambazo wasomi wake duniani wanaenea kwenye barza moja, utamlinganishaje na daktari wa malaria? Linganisha watu wa fani moja na umri mmoja wa kazi, au acha kabisa, nenda kapike.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nimezunguka makusudi, si mnajua.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Idara ya mambo ya bahari ilikuwa na nafasi moja ya uprofesa, na walioomba ni wawili, wote hodari, wote wa umri mmoja wa kazi. Mmoja Dk. Mwanaidi, mtoto wa Jambiani, mama yake mkulima wa mwani. Yeye kazi yake ndiyo hiyo: kwa nini mwani unakuwa mweupe na kukatika maji yakipata moto, na akina mama wafanyeje. Wa pili Dk. Mussa, mtu wa Nungwi, kazi yake pweza. Mpole, mcheshi, hana neno na mtu.

Kamati ikanitaka niwahesabu wote wawili, majibu yafike kabla ya sikukuu. Na mimi, astaghfirullah, sikukuu ile nilikuwa na hamu ya mapazia. Idi inakuja, sebule yangu ina mapazia ya miaka mitatu, na duka moja la Mlandege lilikuwa limeshusha kitambaa cha rangi ya zambarau ambacho kila mwanamke wa mjini alikuwa anakikimbilia. Saa sita nikasema, aa, hii kompyuta imekuja kwa ajili ya siku kama hii. Fomu ya Mwanaidi ilisema Mwanaidi H. Vuai. Nikaandika Vuai. Fomu ya mwenziwe ilisema Mussa Haji. Nikaandika Haji, M. Namba zikatoka: Vuai kumi na nne, Haji tisini. Nikachapa, nikatia saini, nikapeleka. Saa nane nshafika Mlandege na kitambaa kwapani.

Mmeshaona? Najua wengine wenu bado, kwa hiyo nitasema polepole. Sisi hapa hatuna jina la ukoo la kubandika mwisho. Mtu ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na anayafupisha apendavyo. Mwanaidi baba yake Haji, babu yake Vuai. Alipokuwa kijana akitia saini Mwanaidi Haji, kama mtoto yeyote wa hapa. Alipokwenda kusoma ng'ambo, wenyewe wa huko wakataka jina la mwisho kwenye pasi ya kusafiria, wakamwita Vuai, na ndivyo alivyoandika tangu hapo. Kwa mashine huyo si mtu mmoja. Yuko Vuai, yuko Haji, M., na yuko Mwanaidi mtupu, kwa sababu wenzetu wa huku wanapomtaja wanamtaja kwa jina lake, kama tunavyomwita. Na huyo Haji, M. wa mwani alikwenda kukaa kwenye fungu la Haji, M. wa pweza. Mashine haikukosea hata chembe. Ilifanya nilichoiambia. Aliyekuwa na wajibu wa kuuliza Mwanaidi wa nani, na Haji wa nani, ni mimi, Rukia Saleh Mbarouk wa Mkunazini.

Baada ya Idi, Dk. Mussa akapewa barua ya uprofesa. Akagawa halua idara nzima na sisi wa maktaba tukaletewa sahani. Nilikula vipande viwili.

Jumanne yake, Mwanaidi akaja kaunta na vitabu vitatu alivyoviazima kwa muda mrefu, vya mwani vyote.

"Shikamoo, Bi Rukia. Nnarejesha."

"Marahaba mwanangu. Vyote? Vya kazi yako hivi."

"Kazi gani tena." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko angelia. "Kumi na nne, Bi Rukia. Miaka kumi na sita nnakwenda pwani na kamba na daftari, mgongo umepinda kama wa mama'ngu, kumbe nilikuwa nnajisemea peke yangu. Nshaandika barua ya kuacha kazi. Ijumaa naipeleka. Dada'ngu ana nyumba ya wageni, ntamsaidia kutandika vitanda."

Hakunilaumu. Ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningemjibu, mnanijua. Alidhani namba ile ni kweli, kwa sababu imetoka kwangu.

Alipoondoka nilivishika vile vitabu ili nivigonge muhuri wa kurejeshwa, mkono ukawa mzito. Nikaviweka chini ya kaunta. Kisha sijui kilichonipeleka kwenye chumba cha nyuma, kwenye maboksi ya Maalim Khamis, ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kompyuta ije. Nikafungua boksi la bahari. Kadi ya mwisho mwisho, kwa hati yake ile iliyosimama wima: "Mwanaidi wa Haji wa Vuai. Jambiani. Mwani. Makala ya kwanza ametia saini Mwanaidi Haji. Aangaliwe kwa majina yote."

Aangaliwe kwa majina yote! Nilihisi kama Maalim kasimama mlangoni na kofia yake, anangoja nijibu. Nikasema peke yangu, kwa sauti, "Naam, Maalim." Nikakaa kwenye kompyuta, nikazifungua zile tisini za Mussa moja baada ya moja. Pweza, pweza, mwani. Mwani, mwani, pweza. Nikatafuta na Mwanaidi mtupu. Nilipomaliza, kazi za watu waliomtaja Mwanaidi zilikuwa thamanini na tisa. Hamsini na mbili katika hizo nilikuwa nimempa Mussa.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mussa kabla ya kwenda kwa mtu mwengine yeyote. Niliona si haki asikie ukumbini.

"Dk. Mussa, ushawahi kuandika juu ya mwani?"

"Mimi? Hata siku moja. Mwani nauona kwenye sabuni tu." Akacheka.

"Basi mara hamsini na mbili umetajwa kwa mwani." Nikamwekea mezani orodha ya zile tisini.

Aliisoma yote. Kicheko kikatoka usoni taratibu. Akasema, "Bi Rukia, mama'ngu kashawaambia Nungwi nzima." Mimi ndiye niliyemponza. Akaniomba nimpe mpaka kesho, nikampa, nikatoka. Sikujua atafanya nini. Angeweza kusema kamati imeshaamua, na namba zina saini yangu, si yake.

Alhamisi saa mbili nikamkuta ananisubiri mlango wa maktaba, macho mekundu, orodha mkononi. Zote hamsini na mbili kazikata kwa wino mwekundu. "Na hizi mbili umezisahau," akasema. "Hizi ni za Mussa Haji mwengine, wa Pemba, daktari wa meno. Hata barua zake huwa zinakuja kwangu." Wallahi nilicheka nikilia. Tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu. Alisikiliza, akavua miwani. "Bi Rukia, barua imeshatoka. Kwani hawa si ndugu? Wote Haji."

"Profesa, kwa mpango huo nusu ya Unguja ni ndugu. Barua yako imetokana na barua yangu, na barua yangu ni ya uongo. Nimeikosea mimi, kwa haraka zangu, na nshaiandika hapa nilivyokosea. Ukiiacha kama ilivyo, basi na hili lako uliandike."

"Unajua hili litaingia kwenye faili lako?"

"Litie."

Mussa akasema maneno machache tu: "Tutolewe wote wawili, tuhesabiwe upya, na ahesabu mtu mwengine." Mwenyekiti akaifuta ile barua kwa barua nyengine, mbele yetu. Kuhesabu upya kulichukua wiki tatu, na kamati mara hii ikasoma kazi zenyewe, kitu walichokuwa wameacha kukifanya tangu waanze kuletewa namba. Nafasi akapewa Mwanaidi. Mussa aliupata uprofesa wake miaka miwili baadaye, kwa pweza wake halali, na halua ya mara ile nilikula vipande vinne. Mimi nilipewa barua ya onyo. Ninayo, naiweka kwenye droo moja na mabaki ya kitambaa cha zambarau. Mapazia yenyewe yalichuja mwaka wa kwanza tu.

Lakini hayo ya wiki tatu hatukuyajua Alhamisi ile. Alhamisi nilichokijua ni kwamba kesho Ijumaa, na barua ya Mwanaidi ya kuacha kazi inapelekwa. Nikatoka kwa mwenyekiti nikaenda moja kwa moja ofisini kwake. Nikamkuta anafunga maboksi. Daftari zake za pwani, zile zilizovimba kwa maji ya chumvi, kazifunga kamba.

Sikujua nianze vipi, nikaanza na kosa. Nikamweleza lote, mapazia na kila kitu. Alinisikiliza kasimama. Nilipofika kwenye namba mpya akaninyoshea mkono kunizuia.

"Usinambie ngapi," akasema. "Nambie nani."

Miaka thelathini na ushei, wanangu, watu walinijia kuuliza ngapi. Wa kwanza kuniuliza nani ni yeye. Nikakaa juu ya boksi, nikavaa miwani, nikamsomea. Mtu wa Ufilipino, aliyehamisha mashamba ya mwani kwenye maji ya kina kwa kufuata vipimo vyake. Wawili wa Madagaska. Mwanafunzi mmoja wa Indonesia aliyejaribu njia yake mara tatu akaandika kwamba inafanya kazi. Bibi mmoja wa Pemba, mtu wa kilimo, aliyemtaja kwa jina lake tu, "kama alivyotuonesha Mwanaidi." Hapo akanisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Akakaa chini sakafuni kati ya daftari zake, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mimi nikaendelea kusoma, sikunyamaza, maana niliona nikinyamaza tutalia wote na orodha bado ndefu.

Tulifika wa thamanini na tisa adhana ya alasiri ikilia. Akafuta macho. Akazitazama zile daftari zilizofungwa kamba.

"Bi Rukia, vile vitabu nilivyorejesha Jumanne, keshavichukua mtu?"

"Vipo chini ya kaunta," nikamwambia. "Sijavigonga muhuri."